Pigo Ndani ya Ngoma: Kirumbizi cha Pemba na Michezo ya Video ya Mapigano

Swali la kama mapambano yanayofuata mdundo huutia utamu mchezo wa video wa mapigano huonekana kuwa la vijana na mashine zao, lakini likichunguzwa kwa utulivu hubainika kuwa ni la zamani sana, kwa kuwa binadamu walikuwa wakipigana kwa kufuata ngoma muda mrefu kabla skrini ya kwanza haijawashwa. Mchezo wa video wa mapigano, kwa maana inayotumika hapa, ni ule ambao mchezaji humwongoza mhusika kwa vitufe, akishambulia, akikinga na kukwepa papo kwa papo. Na mapambano ya mdundo ni yale ambamo vitendo hivyo hupimwa kwa muziki, hata pigo lililoangukia kwenye mdundo likawa na nguvu au thawabu kubwa kuliko pigo lile lile lililotangulia au kuchelewa. Wapo wanaoyapenda mapambano ya namna hii kwa sababu huufanya mwili mzima ushiriki, na wapo wanaoyakataa kwa sababu huwanyima uhuru wa kupiga watakapo. Kila upande una hoja yake, na kisiwa cha Pemba, ambacho ni nadra kutajwa katika mazungumzo ya michezo ya video, kina ushahidi unaoweza kuzipatanisha hoja hizo mbili.

Ushahidi huo ni kirumbizi, ngoma ya fimbo ijulikanayo Pemba, Unguja na Lamu, ambayo huchezwa harusini na katika sherehe nyingine za furaha. Watazamaji hufanya duara, wapigaji wakakaa upande mmoja na ngoma zao pamoja na zumari, ala ya kupuliza yenye sauti kali inayopenya juu ya makelele yote, kisha wanaume wawili wakaingia uwanjani, kila mmoja na fimbo yake. Kwanza huzunguka kwa mwendo wa kucheza, fimbo zikiinuliwa na kuzungushwa hewani, halafu mmoja hushusha pigo na mwenziwe akalikinga, wakaachana, wakazunguka tena. Aliyechoka au kuzidiwa hutoka na mwingine huingia mahali pake, na ikitokea mori kuwapanda wachezaji hata mchezo ukakaribia kuwa ugomvi, watu wazima huingia kati wakawatenganisha. Fimbo ni ya kweli na maumivu yake ni ya kweli, lakini tukio zima huitwa ngoma, na wanaoingia humo hawahesabiwi kuwa maadui.

Inafaa kuitazama kwa karibu nukta moja tu ya mchezo huo, ile inayotangulia pigo. Mchezaji aliyezama katika ngoma hasimami ovyo: mdundo umekwisha kuuhamishia uzito wa mwili wake kwenye mguu mmoja, bega limekwisha kugeuka, na mkono wenye fimbo umepanda kwa kadiri ambayo wakati unaruhusu. Mwenzake anausikia mdundo ule ule, na kwa hiyo anajua, bila ya kuambiwa, ni wakati gani mkono ule utakuwa juu na ni wakati gani hauna budi kushuka. Asichokijua ni kama utashuka kwenye mdundo huu au utauacha upite na kushuka kwenye unaofuata, wala hajui kama utakuja kulia au kushoto. Ngoma imeondoa sehemu moja ya mashaka na kuiacha nyingine, na ndani ya mashaka yaliyobaki ndimo unamochezwa mchezo.

Kazi ya kwanza ya mdundo katika mapigano ya mchezo, basi, ni kuleta haki. Pigo lisilo na wakati unaojulikana hutegemea kushtukiza, na ingawa katika vita kushtukiza ni busara, katika mchezo huzaa uchungu kukizidi, kwa sababu aliyepigwa haoni alichokosea wala hana la kujifunza. Mdundo humpa kila mmoja taarifa ile ile kwa wakati ule ule, hata anayeshindwa akashindwa kwa jambo ambalo angeweza kulizuia. Hapa ndipo utamu unapoanzia, kwa maana mchezo unaomshinda mtu kwa haki humwita arudi, na unaomshinda kwa hila humchosha. Kirumbizi hakiko peke yake katika jambo hili: tahtib, mchezo wa fimbo wa Misri ulioingizwa mwaka 2016 katika orodha ya UNESCO ya urithi wa utamaduni usioshikika, huendeshwa kwa muziki, na capoeira ya Brazili, iliyoingizwa katika orodha hiyo mwaka 2014, hupokea kasi na namna ya kucheza kutoka kwa berimbau, ala ya waya mmoja uliokazwa kwenye upinde.

Kazi ya pili inahusu maumbile ya mwili. Watafiti wa saikolojia waliowataka watu wagonge kidole kwa kufuata mlio unaojirudia wameonyesha kwamba kidole kwa kawaida hutangulia mlio kwa makumi kadhaa ya milisekunde, yaani visehemu vya elfu vya sekunde, na maana yake ni kwamba mtu hausubiri mdundo ili auitikie, bali huukisia na kukutana nao njiani. Kasi ambayo watu wengi huiona kuwa nyepesi kuifuata ni ya mdundo mmoja kwa kila nusu sekunde au zaidi kidogo, yaani midundo kati ya 100 na 120 kwa dakika, ambayo haiko mbali na kasi ya hatua za mtu anayetembea. Kupiga kwa mdundo ni kuwa sahihi kuhusu jambo ambalo bado halijatokea, na furaha ya kuwa sahihi namna hiyo hurudi kila nusu sekunde, jambo ambalo ni michezo michache inayoweza kulitoa bila ya msaada wa muziki.

Watengenezaji wa michezo ya video walilitambua hili mapema, ingawa haikuwa rahisi kwao kulitia ndani ya mapigano. PaRappa the Rapper, mchezo wa Kijapani wa mwaka 1996, ulimtaka mchezaji abonyeze vitufe kwa kufuata wimbo, lakini haukuwa na vita. Mchezo uliolitazama jambo hili kwa ukali zaidi ni Crypt of the NecroDancer, uliotolewa mwaka 2015 na Brace Yourself Games ya Kanada, ambamo mchezaji hupita katika mapango yaliyojaa mazimwi na hatakiwi kupiga hatua wala pigo nje ya mdundo. Akiukosa, kitendo chake hupotea na thawabu aliyoilimbikiza huporomoka, na mazimwi nayo husogea kwa mdundo huo huo, kila aina kwa mpangilio wake, hata mchezaji mzoefu akaweza kuusoma uwanja mzima kwa jicho moja. Ndani ya mchezo huo huo yumo mhusika aitwaye Bard, ambaye akichaguliwa huondoa sharti la mdundo, na mazimwi husubiri mpaka yeye asogee. Mhusika huyo ni jaribio kamili la swali linalojadiliwa hapa, kwa sababu kila kitu kingine kimebaki vile vile: ramani, silaha na maadui. Kinachobaki bila ya mdundo ni fumbo zuri la kufikiriwa kwa nafasi, linalokaribia sataranji, na kinachoondoka ni ule msukumo unaomlazimisha mtu aamue kabla hajawa tayari. Mchezo hauharibiki, lakini unakuwa mwingine.

Hata hivyo sharti kali la namna hiyo lina gharama yake. Mchezaji wa NecroDancer hulitii pigo la ngoma ambalo halimjui: wimbo ungekwenda vile vile kama yeye asingekuwapo. Mpigaji wa kirumbizi hayuko hivyo. Macho yake yamo uwanjani, na wachezaji wakipoa yeye huchochea, zumari ikapanda. Wakipamba moto, ngoma hukaza pamoja nao. Mdundo wa uwanjani ni mazungumzo ya pande tatu, wachezaji wawili na wapigaji wao, na ingawa wachezaji huifuata ngoma, ngoma nayo huwafuata wao. Tofauti hii ndiyo kiini cha suala lote, kwa kuwa mdundo unaotiiwa tu hugeuka msimamizi, ilhali mdundo unaosikia humfanya mchezaji awe mmoja wa wanaoufanya muziki.

Michezo mitatu inaonyesha jinsi mashine isiyo na macho inavyoweza kufundishwa kusikia, walau kwa kiasi. Wa kwanza ni Patapon, uliotolewa Japani mwishoni mwa mwaka 2007 kwa mashine ndogo ya mkononi, ambamo mchezaji huliamuru jeshi dogo kwa ngoma nne zenye milio tofauti. Akipiga mfuatano mmoja wa midundo minne jeshi husonga mbele, na akipiga mwingine hushambulia. Lakini kila baada ya amri yake hana budi kunyamaza kwa midundo minne, wakati askari wanapoiimba amri ile na kuitekeleza, na akipiga juu ya sauti yao mpangilio huvunjika. Huu ni mwito na mwitikio, yaani desturi ya kiongozi kutoa sauti na kundi kuirudisha, ambao kila mtu aliyekulia kati ya ngoma za mwambao anaujua kabla hajaufikiri. Wa pili ni Metal: Hellsinger wa mwaka 2022, kutoka studio ya The Outsiders ya Uswidi, ambao wimbo wake huanza kwa ala chache na kunenepa kadiri mchezaji anavyolenga kwa mdundo bila ya kukosea, na sauti ya mwimbaji haiingii mpaka thawabu yake izidishwe mara 16. Mchezaji anapokosea, mwimbaji hunyamaza, na kimya hicho humfundisha kuliko adhabu yoyote.

Wa tatu, na ulio karibu zaidi na roho ya kirumbizi, ni Hi-Fi Rush wa studio ya Tango Gameworks ya Tokyo, uliotangazwa na kutolewa siku moja, tarehe 25 Januari 2023. Mhusika wake mkuu, kijana aitwaye Chai, amepachikwa kifuani kifaa cha muziki kwa bahati mbaya, na tangu hapo ulimwengu wote unaomzunguka hutembea kwa mdundo: mitambo hupanda na kushuka, taa huwaka na kuzimika, nyayo zake mwenyewe hutua juu ya pigo la ngoma, na maadui hawampigi ila kwa wakati huo. Jambo la busara lililofanywa na watengenezaji wake ni kwamba mchezaji aliyebonyeza kitufe kwa kuchelewa au kutangulia haadhibiwi. Mchezo huupokea mkono wake na kulifanya pigo la Chai liangukie kwenye mdundo vile vile, na aliyebonyeza kwa wakati sahihi huongezewa nguvu na alama. Asiye na sikio la muziki huweza kucheza akafika mwisho, na mwenye sikio hupata ladha nyingine juu ya ile ya kwanza. Mpigaji mwema hufanya vivyo hivyo kwa mgeni aliyeingia uwanjani: humpokea kwa hatua alizo nazo, akamwongoza mpaka miguu yake ikazoea.

Zaidi ya hayo, kila pigo la Chai hutoa mlio unaoingia ndani ya wimbo, hata vita vikali vikasikika kama ala moja iliyoongezwa. Pemba inalo jambo la namna hii katika msewe, ngoma ambayo wachezaji wake hufunga miguuni vitu vya kulialia, kwa hiyo anayecheza papo hapo anapiga. Mchezaji wa msewe aliyekosea hatua hasomewi kosa lake na mtu yeyote, kwa maana amelisikia mwenyewe miguuni pake. Utamu wa kuufuata muziki ni mmoja, na utamu wa kuuongezea muziki sauti ambayo isingekuwapo bila ya mtu huyo ni mwingine, na huu wa pili ndio unaodumu.

Ili hoja isiegemee upande mmoja, Pemba inatoa pia mfano wa mapambano yenye muziki yasiyokuwa ya mdundo, nao ni mchezo wa ng'ombe, ambao wengi huuhusisha na Wareno waliotawala mwambao katika karne ya 16 na ya 17, na ambao umekuwa ukichezwa katika vijiji kama Kengeja na Chwale. Fahali hufungwa kamba ndefu, mchezaji humchokoza kwa kitambaa na kumkwepa, watu hushangilia, ala hulia, na mwishowe ng'ombe hurudishwa zizini akiwa hai. Muziki upo na hamasa ipo, lakini fahali hajui ngoma. Mchezaji anayemsubiri ng'ombe kwa kuhesabu midundo atakuwa amejidhuru mwenyewe. Analopaswa kulisoma ni pumzi ya mnyama, kwato zake na namna anavyoinamisha kichwa. Katika kirumbizi mdundo ni sheria iliyo kati ya wapinzani wawili, na katika mchezo wa ng'ombe ni pambo linalowatia moyo watazamaji na mchezaji. Michezo mingi ya video ya mapigano ni ya namna hii ya pili, kwani muziki wake unavuma lakini adui hausikii, na si aibu kuwa hivyo, mradi mtengenezaji asiahidi kirumbizi kisha akampa mchezaji fahali. Mchezo unaomtaka mtu apige kwa mdundo, ilhali adui zake wanashambulia kwa nyakati zao wenyewe, humgawa mtu huyo kati ya sikio na jicho, na mara nyingi lawama inayotupiwa mapambano ya mdundo huustahiki mchanganyiko huo mbaya kuliko mdundo wenyewe.

Inabaki hoja ya wale wasemao kwamba mdundo ni mnyororo. Hoja hii inajibiwa vyema na ushairi, ambao Pemba imewahi kuwa uwanja wake mkubwa. Kitabu cha Kale ya Washairi wa Pemba, kilichochapishwa mwaka 2011, kimehifadhi tungo za Kamange na Sarahani, magwiji waliotunga katika karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, na msomaji wake huona jinsi mizani, yaani idadi maalumu ya silabi katika kila mshororo, inavyolipa neno makali ambayo lisingekuwa nayo katika maneno ya kawaida. Katika kibati, ngoma ya Pemba ya maneno ya haraka ya kujibizana, ubingwa ni kujibu bila ya kuiacha ngoma ipite bure. Mizani haimzuii mshairi kusema alitakalo, ila humtaka aliseme kwa namna ambayo mpinzani wake naye ataweza kulipima.

Mdundo pia ndio unaowezesha hila halali. Mtu hawezi kuvunja mpangilio ambao haupo, na mcheza kirumbizi aliyeinua fimbo, akauacha mdundo upite, kisha akapiga kwenye nusu yake, amefanya jambo la ustadi kwa sababu tu kila mtu alikuwa akilingojea pigo mahali pengine. Sekiro: Shadows Die Twice, mchezo wa Kijapani wa mwaka 2019 wa studio ya FromSoftware, hauna sharti lolote la muziki, lakini mapambano yake ya panga yamejengwa juu ya kukinga kwa wakati barabara, na mabingwa wake wa upande wa adui huchelewesha pigo kwa makusudi baada ya kumzoesha mchezaji kasi fulani. Mchezo huo ni ushahidi kwamba mapigano mazuri yana mdundo wake hata pale ambapo hayana ngoma, na kwamba tofauti iliyopo ni kati ya mdundo uliotangazwa na mdundo uliofichwa. Kuutangaza humsaidia anayeanza, lakini humwekea mtengenezaji deni la kubuni namna ya kuuvunja kwa heshima, ama sivyo mchezo utageuka zoezi la kugonga mlio mmoja hadi mwisho.

Madeni mengine ni ya kiufundi, nayo si madogo. Wimbo ukienda kwa midundo 120 kwa dakika, kila mdundo huchukua milisekunde 500, kwa hiyo runinga inayochelewesha sauti au picha kwa milisekunde 100 tu imekwisha kula sehemu moja katika tano za muda huo, na mchezaji stadi ataonekana mzembe. Ndiyo maana michezo mingi ya aina hii humtaka mchezaji kwanza apime ucheleweshaji wa vifaa vyake. Tena wapo wachezaji wasiosikia, na mchezo unaouonyesha mdundo kwa mwanga na mwendo, kama unavyofanya Hi-Fi Rush, huwafungulia mlango ambao sauti peke yake ingewafungia.

Lililo kubwa kuliko yote ni kwamba michezo iliyotajwa hapa imejengwa, kwa sehemu kubwa, juu ya hesabu ya nne ya muziki wa roki na wa dansi za kielektroniki, wakati ngoma nyingi za mwambao huugawa muda ule ule katika tatu na mbili kwa pamoja, vumi lenye sauti nzito likishikilia njia moja na chapuo lenye sauti nyepesi likijibu kwa njia nyingine. Mchezo wa video uliojengwa juu ya mdundo wa namna hiyo ungempa mchezaji njia mbili halali za kupiga ndani ya muda mmoja, angeweza kukinga kwa vumi na kushambulia kwa chapuo, na adui angelazimika kukisia ni ngoma ipi anayoifuata. Uhuru unaodaiwa na wale wanaouogopa mdundo ungepatikana ndani ya mdundo wenyewe. Maarifa haya yamo mikononi mwa wapigaji wa Pemba, na vijana wa Chake Chake, Wete na Mkoani wanaojifunza kuandika programu za kompyuta wanaweza kuyapata kwa kwenda kuketi kando ya wapigaji hao na kuwauliza wanatazama nini uwanjani wanapoamua kukaza.

Jibu la swali, kwa hiyo, ni ndiyo yenye masharti. Mapambano ya mdundo huufanya mchezo wa mapigano upendeze pale ambapo adui naye anaufuata mdundo huo, pale ambapo muziki humsikia mchezaji na kumsamehe kabla ya kumdai, na pale ambapo imeachwa nafasi ya kuuvunja mpangilio kwa ustadi. Penye upungufu wa mojawapo, mdundo huwa mzigo, na wanaoukataa wana haki ya kuukataa. Masharti haya matatu hayakubuniwa Tokyo wala Kanada. Yamekuwa yakitekelezwa katika duara la kirumbizi na watu ambao hawakuwahi kuyaandika, na ni wajibu wa wasomi na mafundi wa leo kuyasoma kama elimu ya kubuni michezo, badala ya kuyaacha yawe pambo la siku za maonyesho ya utamaduni.